Vifungo vya Fundi Kesho

Mtaa mzima ulimwita mama huyu Fundi Kesho, na jina halikumwonea. Ukimpelekea kitambaa mwezi wa tatu, shukuru Mungu ukivaa mwezi wa sita. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, ila ahadi zake zilikuwa hewa tupu.

Mwaka huo jambo moja lilimkosesha raha. Binti yake alikuwa amezaa akiwa kidato cha pili. Sasa mtoto ana miezi kumi, na binti anataka kurudi darasani Jumatatu, shule zikifunguliwa. Mtoto abaki na nani? Fundi akiacha cherehani, chungu hakipandi jikoni. Na mtaani walikuwepo wasichana wengine watano wa namna hiyo hiyo.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mkali, akaambiwa habari za vichanga ni za zahanati. Muuguzi wa zahanati akasema hana chumba, amwone seremala. Seremala akasema banda tupu analo, lakini yeye si yaya. Bibi jirani, aliyelea wajukuu kumi na mmoja, akasema hajaombwa na mtu yeyote mwenye cheo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vinne vilikuwa vinaonyeshana tu.

Wote wanne walikuwa na nguo kwake. Akawatumia ujumbe mmoja: kazi yako tayari, njoo Jumamosi saa nne.

Wakafika kwa mpigo, wakabanana kwenye benchi moja. Nguo zimeisha kweli, zimepigwa pasi, zinapendeza. Zote hazina kifungo hata kimoja.

"Navishona sasa hivi," akasema Fundi, akivuta kiti mlangoni. "Mkinisubiri, zungumzeni habari ya wale wasichana sita."

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu mkuu hakucheka, alitazama saa. Lakini gauni lake lilikuwa la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake mchana ule ule, angekwenda wapi?

Fundi akashona taratibu, uzi akiukata kwa meno. Kufikia kifungo cha tatu, seremala alikuwa ameshatoa banda. Cha saba, bibi alikuwa anawapangia watoto pa kulala, anasema nyumba yake imekuwa kimya mno. Muuguzi akaahidi kupita kila Alhamisi. Mwalimu mkuu aliendelea kutazama saa hadi kifungo cha mwisho.

"Waje Jumatatu, wote sita," akasema. "Na sare kamili. Sitaki kusikia eti fundi hajamaliza."

Wakacheka wote, na Fundi akacheka huku machozi yanadondokea kwenye gauni la harusi. Furaha ilikuwa imemzidi.

Jumatatu asubuhi akatoa sare chini ya sanduku, imekunjwa vizuri. Binti akaivaa, ikamkaa sawasawa. Akashangaa, maana tangu Jumamosi hakuisikia cherehani.

"Mama, hii umeishona lini?"

"Wiki uliyojifungua," akajibu Fundi Kesho. "Geuka nione mgongo."