Kontena la Chini Kabisa

Meneja wetu aliporudi kutoka semina ya ng'ambo alituita sote ukumbini, akatutangazia kwamba tangu siku hiyo sisi si walinzi wa mizigo tena. "Sisi tunauza mwendo," alisema. Tukampigia makofi mpaka viganja vikauma. Nje ya dirisha makontena yalikuwa yamekaa pale pale kwa muda mrefu, mengine nyasi zimeota chini yake.

Nilikuwa mpangaji wa yadi katika bandari kavu moja ya hapa Nairobi ambayo sitaitaja, maana bado natafuta kazi. Mizigo inashushwa melini Mombasa, inapandishwa reli, inakuja kwetu, nasi tunaipanga makontena matano kwenda juu hadi wenyewe waje. La chini halitoki mpaka ya juu yashushwe; nani akae juu, nani akae chini, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mama yangu, anayeuza mitumba Gikomba na bado anaishi Shauri Moyo katika nyumba aliyonilea, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba bandari nzima iko mkononi mwangu. Na mimi, kwa unyenyekevu wangu mkubwa, sikumsahihisha.

Sasa huo mwendo. Meneja aliagiza kwamba wateja wa kimkakati wakae juu, na wengine wakae chini. Mteja wa kimkakati ni nani? Ni yeyote aliyewahi kunywa chai ofisini kwa meneja. Tukaletewa pia programu ya kompyuta, ghali ajabu, iliyouliza kila kitu kuhusu kontena isipokuwa swali moja. Kule Gikomba, mama na wenzake wanne wana stoo ya pamoja, na kabla robota la nguo halijaingia mlangoni, mwenyewe huulizwa, "Wewe unatoka lini?" Wa kesho anakaa mlangoni, wa mwezi ujao anasukumwa ukutani. Maskini, hakuna aliyewapeleka semina.

Mwisho wa mwaka wale akina mama watano walichanga wakaagiza kontena moja la sweta na viatu vya shule. Biashara hiyo ni ya siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa Januari. Ukichelewa, umekwisha, ukae na sweta zako mwaka mzima. Kontena lilifika mapema, zikiwa zimebaki siku kumi. Nikaliingiza kwenye programu, nayo ikalitupa chini kabisa. Juu yake yakapandishwa manne, na la juu kabisa lilikuwa la mabafu ya mheshimiwa fulani ambaye nyumba yake haikuwa hata na paa.

Jamaa wa winchi aliona jina la mama kwenye karatasi, akanijia.

"Niaje siste. Si huyu ni mathe wako? Sema tu, naitoa saa hii kabla ya chai."

Nikamkatalia. Nilikuwa nimetia sahihi fomu ya maadili, bwana, inayosema mfanyakazi asiguse mzigo wa jamaa yake. Wengine waliitia sahihi bila kuisoma. Mimi niliisoma, tena mara mbili. Nilikwenda hadi kwa meneja kumweleza jinsi nilivyokataa, kifua mbele, na yeye akanishika mkono akautikisa weee, hadi saa yangu ikateremka. Alasiri hiyo hiyo kontena la shemeji yake lilichimbuliwa kutoka chini kwa winchi ile ile. Huo haukuwa upendeleo, jamani. Ulikuwa mkakati.

Jumamosi, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu, mama alikuja getini na wenzake wote wanne. Nikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi, mwanangu? Leo linatoka?"

"Bado. Ni mfumo, mama."

"Kwani huo mfumo hauna mkubwa wake?"

"Hakuna anayeweza kuugusa," nikasema, macho chini.

Akawageukia wenzake, ambao walikuwa wameanza kunong'ona. "Si mmesikia? Huyu ni mwanangu, namjua. Angeweza, angefanya. Asilaumiwe na mtu hapa." Kisha akanipa mandazi aliyonibebea kwenye mfuko, akaniambia nirudi kazini nisije nikafukuzwa. Niliyala ndani ya choo cha wafanyakazi.

Kontena lilitoka Jumatano. Watoto walikuwa darasani tayari, wamevaa sweta za wauzaji wengine.

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya pongezi, yenye muhuri, mbele ya wafanyakazi wote. Na hapa ndipo utakapojua elimu yangu iliniacha wapi: niliibeba barua hiyo nikaenda nayo Gikomba. Haki ya Mungu, nilidhani itampoza. Nilimkuta stoo, amekaa kwenye robota, marobota mengine yamejaa hadi mlangoni kwa sababu hakukuwa na wa kutoka kesho.

"Nisomee," alisema. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikaanza kwa madaha, nikiigeuza kwa Kiswahili kila mstari. Kampuni inajivunia. Kampuni inatambua. Halafu nikafika katikati na ulimi ukawa mzito, lakini nilikuwa nimeshaanza: "...ambaye, alipopata nafasi ya kulitoa kontena la mzazi wake kwa wakati, alikataa."

Mama alikuwa anakunja sweta ya kijani. Mikono ikasimama.

"Kumbe ungeweza," alisema.

Nilikunja barua, nikaikunja tena. Laiti angenigombeza! Alimaliza kuikunja ile sweta, akaiweka juu ya nyingine, akailainisha kola kwa kidole.

"Na siku ile pale getini," akauliza, "ulinisikia nikikutetea?"

"Nilikusikia, mama."