Pale Makaburini hakuna aliyezikwa: jina lile nililisababisha mimi

Wakuu, nawasalimu nyote, wazee wenzangu na vijana.

Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Pale nilipoambiwa, nitasema niliambiwa na nani. Sina desturi nyingine.

Wiki iliyopita mwanachama mmoja alifungua uzi humu kueleza jinsi stage ya Makaburini, nje ya Eldoret ukishapita Yamumbi, ilivyopata jina lake. Anasema wamezikwa pale askari arobaini wa Vita vya Pili. Mwingine akaongeza kwamba ni Waitaliano. Wa tatu, bila haya, akaandika kwamba shangazi yake huwasikia wakipiga kwata mvua ikinyesha.

Nikamwuliza yule wa kwanza ushahidi wake. Akanijibu, "Mzee, hiyo kila mtu anajua."

Kila mtu! Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na huyu "kila mtu" sijawahi kumwona darasani. Anaishi wapi? Alikuwepo?

Pale Makaburini hakuna mtu aliyezikwa. Hata mmoja. Tafadhali someni polepole, mniachie emoji zenu mpaka mwisho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya upili huko huko. Shamba kubwa la ngano lililokuwa la mzungu lilikuwa limenunuliwa na kikundi cha wananchi, nao walikuwa wakingoja mvua ya kwanza waingize matrekta.

Ndipo akaja Mama Nafula kutoka upande wa Bungoma, mama mtu mzima, mtulivu, mwenye barua iliyokunjwa mara nyingi hata ikakatika katikati. Kaka yake, Wekesa, aliandikishwa jeshini wakati wa vita, akafa kwa kichomi akiwa bado mafunzoni. Hakuwahi kuiona Burma, walikopelekwa wenzake vitani. Barua ile ilisema tu kwamba amezikwa Kambi Nyeupe, Eldoret.

Baba yao alipokuwa anakata roho alimwachia binti yake agizo moja: achote udongo wa kaburi la Wekesa, aufikishe nyumbani, uzikwe bomani, ili Wekesa naye alale kwao.

Kwa hiyo alikuwa anashindana na trekta. Likishapita, nani atajua kaburi lilikuwa wapi?

Chifu akaita baraza. Tukaambiwa iundwe kamati ya kutafuta makaburi ya Kambi Nyeupe, na D.O. amekubali kipande kidogo kitengwe, kizungushiwe seng'enge kabla ya kilimo. Mimi nikateuliwa katibu kwa sababu nilikuwa na kalamu na ramani.

Mashahidi walikuwa watatu, wote waliowahi kukaa katika kambi hiyo wakati wa vita. Koplo Barasa alikuwa mtu wa simu za jeshi. Mzee Birgen alikuwa mpishi. Sajini Abdi alikuwa dereva wa lori, na siku hizo alikuwa na duka la vitambaa mjini.

Tukaenda shambani asubuhi moja, pamoja na chifu na Mama Nafula.

Niliwauliza swali moja tu: "Wazee wangu, Kambi Nyeupe ilikuwa wapi?"

Koplo Barasa akanyoosha fimbo juu mgongoni mwa kilima, kwenye mikaratusi. Mzee Birgen akaelekeza kidole bondeni, karibu na kinamasi. Sajini Abdi hakunyoosha chochote. Alipiga mguu chini pale pale tuliposimama, kando ya barabara ya murram.

"Hapa," akasema Sajini. "Lori langu liligeukia hapa kila siku. Mnaona murram ilivyoshindiliwa duara? Hiyo ni kazi ya gurudumu langu."

"Lori lako!" Koplo Barasa akacheka. "Lile ulilotumbukiza mtoni ukasema ni bomu la Mjerumani? Njoo juu nikuonyeshe vyuma vya waya wangu. Bado viko ndani ya mti."

Mzee Birgen akatema mate kando. "Nyinyi mnaongea vyuma. Mimi nilipika. Teremkeni bondeni mchimbe futi moja, mtapata majivu yangu, meusi ti. Ngano pale hurefuka kuliko kwingine kote."

"Wewe vita uliviona kupitia moshi wa sufuria, arap Birgen."

"Na moshi huo ndio ulikunenepesha, Koplo. Ungekuwa bado kamba kama waya zako."

Hata Mama Nafula alitabasamu. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nimeudhika kupita kiasi. Wanaume watatu waliokula katika sufuria moja, na hawawezi kukubaliana juu ya uwanja mmoja! Nikasema moyoni, hii ndiyo historia ya mdomo, kazi bure.

Mzee Birgen akanishika mkono. "Mwalimu, hao vijana tuliwazika bondeni. Saba. Baridi ya kinamasi iliwamaliza. Mimi ndiye niliyepika chai siku hizo za maziko."

Nikaandika katika daftari: "Birgen, mpishi. Hajui kusoma. Anapenda pombe ya busaa." Kisha maneno yake ya bondeni, niliyokuwa nimeyaandika, nikayakata kwa mstari.

Naam, nilifanya hivyo. Daftari lenyewe ninalo hadi leo.

Chifu alikuwa anatazama saa. "Mwalimu, serikali haiwezi kuweka seng'enge mahali patatu. Nipe mahali pamoja."

Vijana wa leo hamtaelewa uzito wa neno hilo. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, na hata ukweli ulitakiwa uwe mmoja, tena upatikane kabla ya saa sita.

Basi nikafungua ramani. Ilikuwa ya Survey, idara ya upimaji ardhi, ya zamani, nimeitoa katika kabati la shule, na juu yake palichapishwa wazi, kwa herufi ndogo: kambi. Alama ilikuwa kando ya barabara ya murram, pale pale alipopiga mguu Sajini Abdi.

Nikaizungushia kiduara cha penseli, nikawasomea wote kwa sauti ya darasani. Karatasi imesema. Nani atabishana na karatasi?

Mzee Birgen hakubishana. Alitazama kile kiduara changu cha penseli, akasema, "Haya, Mwalimu. Umesoma." Akashuka zake kwenda nyumbani.

Seng'enge iliwekwa juma lile lile. Chifu akaagiza kibao kiandikwe MAKABURI YA ASKARI, rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi. Mama Nafula akapiga magoti ndani ya uzio, akachota udongo kwa mikono miwili, akaufunga katika kitambaa alichopewa bure na Sajini Abdi. Akalia kidogo, akatushukuru kila mmoja, na mimi akanishukuru mara mbili. Akapanda basi kurudi kwao.

Mvua ikanyesha. Trekta likaingia bondeni.

Siku ya tatu dereva wa trekta alikuja shuleni akiwa na hasira. "Mwalimu, ni nani alipanda mawe pale chini? Yamenivunjia jembe. Tena yamepangwa kama ya bustani."

Nilikwenda naye kwa miguu. Kando ya shamba alikuwa amerundika mawe ya ukubwa wa kichwa, na kila jiwe lilikuwa na chokaa upande mmoja, chokaa iliyoipa Kambi Nyeupe jina lake. Penye ardhi nyeusi ya majivu, ngano ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeacha mabua marefu.

Nikamwita Mzee Birgen. Nikawaita na wenzake. Safari hii, kwa mara ya kwanza, nikauliza swali ambalo mwalimu yeyote wa Jiografia alipaswa kuanza nalo: kila mmoja alikuwa kambini mwaka gani?

Birgen alikuwepo tangu mwaka wa kwanza. Barasa alikuja wa pili. Abdi alifika mwishoni, vita vikielekea kwisha.

"Kambi ilihama mara mbili," akasema Koplo Barasa, kana kwamba ananiambia jua huchomoza mashariki. "Kinamasi kilikuwa kinaua watu, wakapanda juu, nikawakuta huko. Juu hakufa mtu, lakini maji yalikuwa shida, ikateremka barabarani. Kibao cha Kambi Nyeupe tulikibeba kichwani. Mawe mapya, chokaa mpya, jina lile lile. Jina la kambi ni la askari, Mwalimu, si la udongo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Sajini Abdi akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi. "Uliuliza wapi. Tukakwambia wapi."

Nao pia sikuwaachia. Niliwauliza mbona wao wenyewe walibishana siku ile kama vichaa. Ikaonekana kila mmoja alidhani naulizia kambi yake na mwenzake anapotosha, kwa maana kwa askari kambi ni ile aliyoikuta, na hatamwuliza mwenzake alikuja lini. Hiyo si aibu yao peke yao. Wao hawakuwa na ramani; mimi nilikuwa nayo.

Nilirudi shuleni nikaitoa ile ramani tena. Pembeni, chini kabisa, palichapishwa mwaka wake. Ilichorwa baada ya vita kwisha. Ilionyesha kambi ya mwisho, ya Sajini, ambayo haikuzika mtu.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwachapa wanafunzi kwa kosa hilo hilo. Soma pembe ya ramani kwanza! Nilikuwa nimeiandika ubaoni mara ngapi?

Nilichota udongo bondeni, katikati ya mahali mawe yalipong'olewa. Kaburi lipi kati ya saba lilikuwa la Wekesa, hapakuwa tena na wa kujua. Nikaweka udongo katika mkebe wa chai, nikapanda basi hadi Bungoma, nikamwambia Mama Nafula kila kitu nikiwa nimesimama uani mwake. Sikukubali kiti.

Alikuwa ameshauzika ule udongo wa kwanza. Walichinja, majirani wakaja, wakaimba. Kulikuwa na tuta dogo chini ya ukuta wa nyumba ya baba yao, limepandwa maua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaupokea mkebe, akaupima uzito mkononi.

"Kaka yangu alikuwa mmoja, Mwalimu," akasema. "Sasa umenipa makaburi mawili."

Akaingia ndani. Mimi nikaondoka. Kama aliuzika ule wa pili au aliumwaga, sijui, kwa hiyo sisemi.

Nilimwandikia D.O. barua tatu nikiomba seng'enge ihamishwe. Sikujibiwa. Chifu aliniambia waziwazi kwamba serikali ilishatengeneza makaburi, na haitayatengeneza tena. Kibao kilioza, seng'enge ikaibwa kipande kwa kipande, lakini watu walikwishazoea kusema "nishushe pale makaburini."

Leo pale pana Makaburini Butchery, Makaburini Cereals, na saluni. Bondeni, walipolala wale saba, ni mahindi. Hakuna jina.

Kwa hiyo, mwanachama uliyeandika habari za askari arobaini, sikukasirikii kama unavyodhani. Nakasirikia urahisi ule ule ulionishika mimi nikiwa na digrii. Nilimdharau mpishi kwa sababu hakujua kusoma, nikaiamini karatasi niliyoisoma nusu. Uvumi wenu na ramani yangu ni ndugu.

Funzo langu ni fupi: anayetaja mahali ataje na mwaka, na anayemwuliza mzee ajue kwanza mzee huyo alikuwa amesimama wapi, lini.

Sasa changieni. Walio na wazazi au babu waliopita Kambi Nyeupe, leteni habari zao, hata za jikoni, hasa za jikoni. Anayeanza na "nilisikia" amtaje aliyemwambia.

Kuhusu Makaburini, aliyewaambia ni mimi. Nilikosea.