Majambia Mawili ya Harrow

Mlio wa kikombe kikigusa kisahani hunishtua mpaka leo. Si kile kinachotuliwa baada ya mtu kunywa. Hicho hutua kilegevu, kama mtu aliyeshiba. Nasema kile kinachowekwa chini kimejaa, hakijaguswa, na mlio wake mzito. Juzi hapa nyumbani Wembley mgeni wangu aliweka kikombe chake namna hiyo, nami nikawa nimeshasimama: "Haya sema, unataka nini?" Maskini ya Mungu, kahawa ilikuwa imemchoma ulimi. Alitaka maji.

Mniwie radhi. Mimi mtu wa ndani. Nilisoma mpaka sekondari nikaona inatosha, na tangu hapo safari yangu ndefu ni ya kutoka jikoni kwenda dirishani. Wanangu hunitania kwamba paka wetu ameiona London kunishinda mimi. Sawa. Lakini nilipokuwa na miaka tisa nilisafiri vituo vichache vya treni mpaka Harrow, na safari ile moja imenitosha.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa Mzanzibari kwa kila kitu isipokuwa kuzaliwa. Alizaliwa Uarabuni, kwenye milima ya nyuma ya Aden, mpakani ambako Waingereza walikuwa na himaya yao kwenye karatasi na makabila yalikuwa na bunduki mkononi. Alifika Unguja mtoto, akakua, akaolewa, akazaa, kisha Mapinduzi yakamsukuma mpaka Wembley, ambako alipigana na baridi kwa kuvaa kanga mbili juu ya koti. Habari za kwao alikuwa hazisemi. Ila kijana wa kwetu akitaka kuoa na jambia kiunoni, kama wafanyavyo watu wa asili ile, Bibi alikataa katakata. "Sisi hatuvai." Basi, mlango umefungwa. Mjomba Salim, aliyekuwa na harusi mwaka ule, alinuna wiki nzima.

Sasa, tulikuwa na jirani, Da Zuhura, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Jumapili moja akaja kunywa chai, akaleta na umbea wa kazini. Ati ana mzee mmoja Harrow, zamani alikuwa mkubwa wa serikali huko Uarabuni, furaha yake kusema Kiarabu, na ukutani ametundika majambia mawili yaliyopishana.

"Moja mpini wake umemeguka, wameuziba kwa kipande cha fedha," akasema, mkono uko kwenye kachori.

Bibi akauliza taratibu, "Na hapana picha? Ya mzee mwenye jicho moja?"

Kachori ikamkwama Da Zuhura kooni. "We Bi Mkubwa! Umejuaje?"

"Mwambie nitakwenda kumwamkia."

Kwa nini alinichukua mimi, sikujua. Nililia nataka kubaki na televisheni yangu. Tabia yangu ya kukaa ndani haikuanza jana. Ndani ya treni ndipo aliponisimulia, kwa sauti ya chini kana kwamba abiria wote wale ni majasusi.

Koo mbili zilikuwa zikiuana kwa sababu ya kisima. Akaja afisa kijana wa Kiingereza, na ngamia wake, na mkalimani wake, na makopo ya biskuti, akaomba sulhu ya msimu mmoja. Desturi ya kule ni kwamba mzee wa kila ukoo huvua jambia lake, akamkabidhi mpatanishi mbele ya watu. Hiyo ni rehani. Ukitunza sulhu, hurudishiwa mbele ya watu wale wale. Ukiivunja, hulioni tena, na dunia nzima inakujua wewe ni nani. Baba yake Bibi, yule wa jicho moja, alivua lake, na afisa akampiga picha. Msimu ukapita, haikulia hata risasi. Kisha afisa akapata uhamisho, akaenda zake, na majambia akaenda nayo.

"Baba akangoja," Bibi akasema. "Watu wakaanza: kama hakuvunja sulhu, mbona kiuno kitupu? Hakuna aliyemwamini tena, kwa biashara wala kwa kuoa. Akatuchukua, akavuka bahari. Amekufa Unguja hajavaa jingine."

Halafu akanitengeneza mtandio. "Utanifanyia ukalimani."

"Lakini Bibi, si anajua Kiarabu?"

"Anakijua sana. Ndicho alichombembelezea baba yangu. Leo atangoja asikie kwa mtoto, kama sisi tulivyongoja kusikia kwa mkalimani wake."

Nyumba ilinuka mbwa mzee na nta ya samani. Mwenyewe alikuwa mrefu, amepinda, mpole, na macho ya buluu yaliyojaa machozi ya uzee. Akamwamkia Bibi kwa Kiarabu kirefu kama kasida. Bibi akanigeukia, kana kwamba aliyesema ni yule mbwa: "Anasemaje?"

Mzee akarudia kwa Kiingereza, nami nikafasiri.

Da Zuhura akaleta chai ya maziwa na keki. Bibi akapokea kikombe, akakishika kidogo, akakiweka chini. Kimejaa. Ule mlio. Mimi nilidhani hapendi maziwa ya Kizungu, nikataka kumsogezea sukari. Lakini nilimwona mzee uso ukimbadilika, kama aliyeitwa jina lake la utotoni. Alijua. Kwa watu wa milima ile, mgeni asiyekunywa ana haja, na mwenye nyumba hana amani mpaka amwambie: kunywa, haja yako imekidhiwa.

"Mwambie nimefuata rehani ya baba yangu."

Mtoto mimi nilikuwa na adabu zangu. Nikasema kwa Kiingereza: Bibi anasifu nyumba yako. Bibi, aliyekuwa akikielewa Kiingereza chote ila hataki kukisema, akanifinya paja. "Nimeisifu saa ngapi?"

Nikafasiri sawasawa, paja linawaka.

Mzee akasema yale yalikuwa zawadi.

"Zawadi! Maadui wawili wampe zawadi wakati mmoja, huku wanatazamana juu ya bunduki? Muulize yeye aliwapa nini. Biskuti?"

Akasema ilikuwa zamani mno. Uhamisho ulikuja ghafla. Alimheshimu sana baba yake. Angependa ampe Bibi nakala ya ile picha.

"Sura ya baba yangu naijua. Alikuwa baba yangu."

Mwisho mzee akajiweka sawa kitini, na hapo niliona jinsi alivyokuwa ujanani, na jinsi makabila mengi yalivyoisikia sauti hiyo. Akasema atalifikiria jambo hili kwa moyo mkunjufu.

Nilipomaliza kufasiri, Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Maneno yale yale aliyompa baba! Hata hakuyapiga pasi. Mwambie chai inapoa."

Tukakaa. Chai ikapoa kweli, ikafanya utando juu. Mbwa akatoka, akarudi. Da Zuhura amesimama mlangoni na sinia, hapepesi. Mzee akawa anatazama kikombe kile tu, hatutazami sisi. Kisha akasema neno la Kiarabu kwa sauti ndogo, akajisahihisha, akaniambia mimi: mwambie bibi yako anywe, haja yake imekidhiwa.

Bibi hakunyoosha mkono. "Neno la serikali tumeshalinywa sana. Jambia literemshwe kwanza."

Da Zuhura akapanda kiti, akaliteremsha lenye kipande cha fedha, akaliweka mezani karibu na keki. Bibi akaligusa mpini kwa kidole kimoja. Kikombe bado.

"Na lile la pili."

Mzee akashangaa. Lile si la kwenu, akasema. Lile ni la wale adui zenu.

"Kwani mimi silijui? Mzee wao naye alitunza sulhu. Naye alikaa kiuno kitupu. Mwambie watu wale tuliwachukia vizuri sana, lakini waongo hawakuwa."

Hilo nililifasiri neno kwa neno, bila kufinywa.

Likateremshwa. Ukutani pakabaki alama mbili nyeupe zilizopishana. Ndipo Bibi akainua kikombe, akanywa chai ile baridi, utando na yote, mpaka chini, akasema "Thank you". Ndilo neno pekee la Kiingereza nililowahi kumsikia. Tukarudi Wembley na majambia mawili kwenye mfuko wa sokoni, yamefunikwa kotimiri. Ingekuwa leo, polisi wangetulaza ndani.

Mjomba Salim alioa na jambia kiunoni. Bibi alimfunga mwenyewe katikati ya ukumbi, akazima muziki kwanza, maana rehani hurudi mbele ya watu. Mimi nikaona tumeshinda, mambo yamekwisha, nikaenda kula biriani.

Hayakuwa yamekwisha. Miaka yote iliyobaki, kila harusi na kila msiba, kuanzia Wembley hadi Ilford, Bibi aliwauliza watu wa asili ile: wako wapi wale wa kisima? Alikufa hajawapata. Kabla hajafa aliniachia mimi lile la pili, akasema nimechaguliwa kwa sababu sina mwendo.

Mpwa wangu aliyesoma chuo kikuu huniambia, "Aunti, hesabu vizuri. Afisa angelirudisha kwa wakati, baba yake Bibi asingehama, Bibi asingefika Unguja, na wewe usingezaliwa. Mshukuru Mwingereza." Namjibu: mtu akikusukuma ukaanguka, ukaokota pete, utambusu mkono? Pete niliiokota mimi.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Bibi hakufuata jambia tu. Alikwenda kumaliza kazi ambayo mpatanishi aliiacha nusu, na nusu ya nusu hiyo sasa ninayo mimi. Limo kabatini, limefungwa kwenye kanga yake. Ukutani halitundikwi. Nalipaka mafuta, naendelea kuuliza kwa simu, na watu wanaendelea kunicheka kwamba sitoki. Wacha wacheke. Nina rehani ya watu, na mwenyewe anaweza kugonga mlango siku yoyote. Na akija, kikombe chake atakinywa cha moto.