Nilipofagia Nyumba ya Kina Njeri

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji na ufagio, bibi yangu alinifundisha kwamba msafiri akishatoka, nyumba yake haifagiliwi mpaka zije habari kuwa amefika. "Unafuta nyayo zake," alisema. "Akitaka kurudi, atafuata nini?" Imani hiyo aliitoa pwani pamoja na mkeka na tasbihi yake, akapanda nayo mpaka kwenye baridi ya Molo, ambako baba yangu alikuwa na duka dogo kando ya shamba la mzungu. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao bibi siku zile, na nimewafundisha wanawake dini mjini Nakuru kwa zaidi ya miaka arobaini. Hata hivyo, mgeni akiondoka kwangu na mtu akashika ufagio, nageuza uso.

Nyuma ya duka letu, ng'ambo ya ua wa miti, ilikuwapo nyumba ya mbao ya kina Njeri. Wazazi wake walichuma maua ya pareto ya mzungu, na kwa kazi hiyo waliruhusiwa kulima kipande chao cha viazi. Njeri alikuwa rika langu. Tulicheza mchezo wa baba na mama ndani ya nyumba yao, na kila siku ugomvi ulikuwa ule ule.

"Mama ni mimi," Njeri alisema.

"Jana pia ulikuwa mama!"

"Kwani nyumba ni ya nani? Wewe ni mtoto. Lala hapo, ulie. Lakini ulie vizuri, si kama paka."

Nami nililia. Nililia kwa ustadi hata mama yake akaacha kumenya viazi, akacheka mpaka akafuta macho.

Ilikuwa miaka ya vita vya kugombea ardhi na uhuru. Wapiganaji walikuwa msituni, na serikali ya wakoloni ilikuwa ikiwaondoa mashambani watu wa kabila la kina Njeri, hata wasiomjua mpiganaji yeyote. Asubuhi moja yenye ukungu lori lilisimama mbele ya nyumba yao, na askari wakawaambia wachukue wanachoweza kubeba. Mama Njeri alikuja mbio kwa bibi, mikono yake ina udongo.

"Nyanya, tuangalilie hii viazi. Wanasema ni kuandikwa tu majina. Tutarudi kabla haijatoa maua."

"Nendeni salama, mwanangu," bibi alimjibu. "Viazi vyenu ni amana kwetu."

Njeri aliketishwa juu ya magunia. Hakulia. Lori lilipoanza kuondoka alinipigia kelele kutoka huko juu: "Na usiingie nyumba yangu! Mama ni mimi!"

Bibi alinishika bega. "Nyumba ile isiguswe na ufagio," akasema. "Umenisikia?"

Nilimsikia. Siku ya tatu, alasiri, bibi akiwa kwenye swala yake, nilipenya uani nikaingia. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Majivu yalikuwa yametapakaa kutoka mekoni, na juu ya majivu kulikuwa na unyayo mmoja, mdogo, vidole vitano vimetokea wazi kabisa. Niliujua. Niliweka mguu wangu juu yake, nikaona tunatoshana. Kisha nilichukua ufagio wa vijiti uliokuwa nyuma ya mlango, nikafagia nyumba nzima, kwa sababu hicho ndicho anachofanya mama mwenye nyumba kwanza, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mama nilikuwa mimi.

Bibi alinikuta nimekaa kwenye kigoda cha Mama Njeri.

"Umefagia?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakunipiga. Aliketi kizingitini, akatazama mistari ya ufagio sakafuni. "Haya," alisema.

Viazi vilitoa maua, maua yakaanguka, na hakuna aliyerudi. Baba alivichimba, akasema vingeoza bure. Bibi alimwambia, "Hiyo ni amana, mwanangu," naye akajibu kwa upole, "Mama, amana ya nani? Nioneshe mtu." Msimu uliofuata alipanda mbegu zake. Mbao za nyumba zikawa rafu za duka. Mzungu alipoondoka na ardhi ikagawanywa, jina lililoandikwa ni la baba. Mavuno ya shamba lile ndiyo yaliyonipeleka pwani kwa masheikh kusoma.

Na huko pwani, katika vitabu, nilikuta mlango unaokataza kuamini mikosi. Mlio wa ndege haumzuii mtu safari yake, wala ufagio haukati njia ya mtu. Mambo yote yako mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilijifutia kosa langu kwa hoja sahihi, nikawafundisha wengine hoja ile ile, na nikaacha kumwota Njeri. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Njeri alirudi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, kabla sijaenda pwani. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Nilikuwa nimesimama dukani peke yangu, na baba yuko nyuma akipanga magunia ya viazi. Akaingia msichana mwenye vumbi la safari miguuni, akaomba maji, akanywa, akarudisha kikombe.

"Dada, hapa nyuma hakukuwa na nyumba ya mbao?"

Nyuma ya kichwa changu zilikuwa zile rafu.

"Sijui," nilisema. "Tulikuta shamba tu."

"Kulikuwa na msichana hapa," alisema polepole. "Alikuwa anajua kulia kushinda mtoto wa ukweli."

Alinipa nafasi, mlango wazi kabisa. Nilisikia gunia likiburutwa nyuma ya ukuta.

"Simjui," nilisema.

"Haya," akasema, kama alivyosema bibi, na akatoka.

Mwezi uliopita tuliletewa mgeni katika darasa letu la wanawake, binti wa Kipalestina anayesoma nchini. Alitusimulia habari za kijiji cha nyanya yake, kijiji cha wakulima kilichoondolewa watu wakati wa vita. Alitutajia kisima, miti ya tini, na majina ya mashamba ya ngano, moja baada ya jingine, kama asomaye nasaba. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, "Na nyanya yako hakurudi hata kuangalia?"

"Alirudi mara moja," alijibu. "Alisimama barabarani. Hakubisha hodi. Aliogopa kuambiwa kuwa hapo hapakuwa na mtu."

Wanawake walilia. Mimi, niliyekuwa nikilia vizuri, nilikaa macho makavu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimejihesabu upande wake, kwa dua na kwa machozi ya misiba ya mbali. Nikajiona nimesimama ndani ya mlango ule ambao nyanya yake aliogopa kuubisha. Ufagio haukumzuia Njeri kurudi. Alifika mpaka kaunta, akanywa maji yetu, na aliyemzuia ni mimi.

Juzi nilikwenda Molo kwa mtoto wa ndugu yangu, ambaye ndiye anayelima pale sasa. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama shambani. Alinisikiliza kwa adabu.

"Shangazi, hayo ni mambo ya kitambo. Huyo Njeri mwenyewe hata hujui kama yuko hai."

"Sijui. Nimemuulizia, sijampata. Lakini akija mtu, yeye au mtoto wake, akuulize hapa palikuwa pa nani, utasema nini?"

"Nitasema palikuwa pa kina Njeri."

"Na akisema anapataka?"

Aliyatazama matuta ya viazi yaliyoshuka mpaka kwenye ukungu, maua meupe juu yake. Nami, niliyewafundisha wengine kwa zaidi ya miaka arobaini kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, sikumjibia.