Shemeji Yangu Mchora Maua

Shemeji yangu Gisbert Lohkamp alichora maua kwa rangi za mafuta kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo alichora picha moja tu. Nyuma giza la kahawia, kama ukuta wa baa. Mbele chombo cha bluu chenye maua makubwa ya peoni, tulipu mbili zilizoinama shingo, na waridi linaloangusha petali mezani. Juu ya jani moja aliweka tone la umande lililong'aa kama jicho la samaki. Mteja akitaka picha kubwa zaidi, aliongezewa nyuki.

Hapa Gerresheim, pembeni mwa Düsseldorf, kila mwenye bustani anajua kwamba tulipu huwa zimeshakufa waridi linapochanua. Nilimuuliza siku moja.

"Shemeji, haya yamekutana wapi?"

"Kichwani mwangu," akasema, akageuza uso pembeni kidogo, kama mtu anayepigwa picha.

Baba yake alikuwa fundi wa makufuli mjini Neuss, mtu wa kazi. Mtoto akapelekwa chuo cha sanaa Düsseldorf, akaanza na sura za watu. Alimchora mke wa hakimu mmoja. Yule mama alipoonyeshwa picha, akalia. Tangu hapo Gisbert akahamia kwenye maua, kwa sababu, kama alivyokuwa akieleza bila haya yoyote, ua haliji kujitazama kwenye picha na kulalamika. Wateja wake walikuwa madaktari wa meno, mawakili na wenye maduka ya viatu, watu waliotaka kitu cha kuziba ukuta juu ya kochi. Wakati wa Wanazi, ofisi ya chama ya mtaani ilitaka picha. Akawapa, na kwa hiari yake akawaongezea masuke ya ngano, maana alisikia wanapenda ngano. Waingereza walipoingia akawaambia yeye ni mtu wa maua tu, siasa haijui. Kinachoniudhi ni kwamba alikuwa karibu na ukweli. Hakukijua kitu chochote ambacho hakiingii kwenye chombo cha bluu.

Aliyeolewa naye ni mdogo wangu, Thekla. Maua yote yalikuwa ya mikono yake. Alipanda, akapalilia, akaua konokono, akakata, akayapandisha ghorofani kwenye chumba chenye dirisha la kaskazini, na jioni akaosha brashi kwa tapentaini mpaka vidole vikapasuka. Gisbert hakuwahi kushika jembe. Udongo, alisema, unafanya mkono uwe mzito.

Baada ya vita nilihamia kwao, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa kifusi. Majirani wote walikuwa wameng'oa maua na kupanda viazi. Bustani ya Lohkamp peke yake ilikuwa bado na vitalu vya dalia na peoni, kama ya tajiri. Nilichukua jembe. Gisbert akanifuata nje na koti lake la velveti.

"Shemeji, hapo hapana. Hapo ni kazini kwangu."

"Hapo ni pa viazi. Mkeo anapungua, humuoni?"

"Viazi utapata popote. Peoni ikihamishwa inakasirika, haitoi ua miaka miwili."

"Basi tukae na njaa ili peoni isikasirike?"

Thekla alikuwa amesimama mlangoni. "Mwache, dada," akasema. "Akikosa cha kuchora atashinda jikoni na mimi kutwa nzima. Hilo silitaki."

Tulicheka sote wawili, mimi na yeye. Gisbert hakucheka. Alidhani ametetewa.

Kikohozi cha Thekla kilianza majira ya joto. Daktari akasema ni mapafu, na kwamba anahitaji mafuta na maziwa, akalisema hilo akitazama sakafu, kwa sababu alijua hakuna. Ila kwa wakulima vilikuwepo. Wakati ule wakulima walikuwa wanabadilisha nyama ya nguruwe kwa kitu chochote cha mjini: mazulia, piano, saa za ukutani. Nikamwambia Gisbert abebe picha moja aende mashambani. Akaenda. Alirudi jioni midomo inang'aa mafuta, mkononi ana turnipu moja ya kulishia ng'ombe.

"Nyama iko wapi?" nikamuuliza.

"Mkulima aliniketisha mezani, shemeji. Wote walikuwa wananitazama. Ningekataaje? Wameipenda sana ile picha."

"Na hukuweza kutia kipande mfukoni?"

"Kwenye koti la velveti?"

Thekla akaomba turnipu ile, akaimenya mwenyewe kitandani, akamuuliza picha wameitundika wapi. Akamweleza kwa kirefu. Nilitoka nje nisije nikamrushia kitu.

Mdogo wangu alikufa mwezi wa kumi. Shada la maua halikupatikana mjini, na dalia za bustanini kwetu zilikuwa zimeshaunguzwa na baridi, lakini Bi Pesch, jirani yetu, alikuwa amebakiza kitalu kimoja cha asta nyuma ya banda la sungura wake. Alizikata zote, za zambarau, za rangi ya waridi na nyeupe chache, akaziweka juu ya kaburi kwa mkono wake. Gisbert alilia vizuri sana. Watu walimshika mabega.

Kesho yake asubuhi nilikwenda makaburini na maji. Juu ya kaburi hapakuwa na ua hata moja. Sikushangaa sana, siku zile watu waliiba hata misalaba ya mbao wakaote moto. Nilimkuta Bi Pesch kwenye uzio wake, nikamwambia.

"Wameiba asta?" akasema. "Mwizi huyo atazila?"

Nikapanda ghorofani nimpe Gisbert habari, kwa upole, maana ni mjane. Nikafungua mlango. Asta zilikuwa mezani ndani ya chombo cha bluu, na udongo wa kaburi bado kwenye mabua. Yeye alikuwa mbele ya turubai, brashi mkononi.

"Shemeji, usisimame hapo," akasema. "Unanizibia mwanga."

"Umezitoa kwa Thekla."

"Pale zinanyauka bure. Hapa zitabaki. Yeye mwenyewe angenipa."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, nalo ndilo lililonitia wazimu. Nilichukua chombo kizima pamoja na maji yake, nikashuka ngazi, nikatoka barabarani. Akanifuata na sapatu za nyumbani, brashi bado mkononi.

"Nipe mpaka mchana tu, shemeji. Ile nyeupe sijaimaliza. Nakuomba. Ile nyeupe tu."

Watu walitokeza madirishani. Bi Pesch alifungua geti lake, akamzuia njia.

"Bwana Lohkamp, maua yale nilimpa mkeo. Wewe sikukupa kitu."

"Bi Pesch, ungeona jinsi yalivyotoka kwenye picha."

Niliyarudisha kaburini. Gisbert alifika hadi lango la makaburi, akasimama pale, hakuingia. Alikuwa anayatazama maua tu.

Jioni nilipanda tena kule juu, naye amelala. Nitasema, kwa kuwa hainipunguzii kitu: picha ile ilikuwa nzuri. Hapakuwa na kahawia ya baa. Palikuwa na kijivu cha asubuhi ile. Petali zilikuwa zimechubuka, mabua yana udongo, na katikati, mahali pa asta nyeupe, turubai ilikuwa wazi. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Nilifikiri labda ndani ya lile koti alikuwamo mtu siku zote na sisi hatukumuona.

Baada ya siku chache akaniita nikaione imekamilika. Pale palipokuwa wazi alikuwa ameweka peoni. Pembeni tulipu mbili. Kijivu alikifunika kwa kahawia, udongo ukafutwa, na kwenye jani likakaa tone la umande.

"Nimeiokoa," akasema. "Ilikuwa inahuzunisha mno, shemeji. Nani angeitundika juu ya kochi?"

Aliyeitundika alikuwa mama mmoja mjane, mwenye bucha huko Ratingen. Kwanza alichukua picha, halafu akamchukua mchoraji. Gisbert aliondoka na koti lake bila kuuliza kaburi litatunzwa na nani, akaishi kule miaka kumi na ushei, akanenepa, akachora nyuki wengi. Alifia mezani, katikati ya chakula.

Mwaka uliofuata walikuja kwangu mabwana wawili wa chama cha wachoraji, wamevua kofia. Walitaka kubandika kibao cha kumbukumbu kwenye nyumba hii.

"Tunaweza kukiona chumba alichofanyia kazi?" akauliza mmoja.

"Mnaweza," nikamwambia. "Inameni tu, naanikia nguo humo."

Walipanda, wakasimama katikati ya mashuka yangu, wakatazama dirisha la kaskazini. Nikawaeleza kwamba kama wanataka mahali Bwana Lohkamp alipokuwa na furaha ya kweli, waende Ratingen. Wakaenda. Kibao kiko kule mpaka leo, juu ya mlango wa bucha, na wanaosubiri zamu ya soseji hukisoma.