Baiskeli Isiyo na Keria

Baba alipunguzwa kazini mwaka niliokuwa darasa la tano. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali hapa Dodoma tangu kabla sijazaliwa. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwetu Makole juu ya baiskeli kubwa nyeusi, mafaili yamefungwa nyuma kwa mpira. Baiskeli ile ilikuwa mali ya ofisi. Siku alipopewa barua aliirudisha, akasaini, akaja kwa miguu. Nilimwona akiingia getini, suruali ingali imekunjwa mguu wa kulia ili isinaswe na cheni.

Miezi iliyofuata alikaa sebuleni na redio yake. Hakuwa mlevi wala mkali. Alinyamaza tu. Mama ndiye aliyekuwa akihangaika. Alikuwa ameanza biashara ya mitumba kama wanawake wengi wa miaka ile, na mara kwa mara alikwenda Dar es Salaam kufuata marobota. Safari moja alirudi na marobota mawili na kibaiskeli ambacho mwenye kontena alimwongezea.

"Ya mtoto hiyo," mama alisema, akanitazama.

Ilikuwa BMX. Fupi, tairi nene zenye meno, usukani umeinuka kama pembe za ng'ombe, na cheni imekatika. Baba alitoka sebuleni akaizunguka mara mbili.

"Haina keria. Haina madigadi. Mtu anabebea wapi mzigo?"

"Haibebi mzigo, baba. Inaruka." Nilikuwa nimeona kwenye video kwa jirani.

"Inaruka kwenda wapi?"

Akarudi sebuleni kwenye redio yake. Lakini jioni ile aliinama uani akaunga cheni, akatia mafuta, kisha akapanda ajaribu breki. Alivuta usukani kama alivyozoea kuvuta lile libaiskeli lake zito. Tairi la mbele likanyanyuka, naye akakaa chini kwa makalio, miguu juu. Mama alikimbia kutoka jikoni akidhani ameumia. Kumbe alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile barua.

Basi tukajifunza pamoja. Jumapili baada ya ibada tulikwenda nje ya mji, kwenye korongo lililokauka, tukachonga kilima kidogo cha udongo kwa jembe. Baba alikuwa na miaka arobaini na kitu, magoti yakigonga usukani. Mimi nilikuwa mwepesi lakini mwoga. Yeye alikuwa mzito na hakuogopa chochote. Tulipokezana. Aliyekuwa chini ndiye aliyepiga kelele "Sasa!" ili aliye juu avute usukani.

Watu walisema. Mtoto wa kike kuendesha baiskeli tu kulitosha kuzungumzwa, sembuse na baba yake mzima akirukaruka kwenye makorongo. Sokoni mama aliambiwa mumewe amechanganyikiwa kwa kukosa kazi. Alikuja nyumbani na maneno hayo, akayasema mbele yetu, akaendelea kupanga nguo.

Kisha baba akaanguka vibaya. Alitaka kuvuka mtaro uliokatiza korongo. Tairi la mbele likazama mchangani naye akapita juu ya usukani. Nilisikia mfupa. Tulitembea hadi hospitali, mkono wake mzima begani kwangu, mimi nikilia, yeye akinihimiza nisiiache baiskeli. Muuguzi alichukua kalamu.

"Umeangukaje, mzee?"

"Nilikuwa naruka."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Sikuwa nakimbia kitu, mwanangu. Nilikuwa naruka tu."

Mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika. Mama hakugomba. Aliifungia baiskeli stoo, ufunguo akautia kwenye pindo la khanga. Baba akarudi kwenye redio, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Wiki zikapita. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa. Naona mama alikuwa akimtazama zaidi kuliko tulivyojua, kwa sababu Jumapili moja tuliporudi kanisani aliitoa ile baiskeli mwenyewe, akaiegemeza mlangoni.

"Nendeni. Lakini leo nakuja, niuone huo mtaro wenyewe."

Alikuja na mwavuli wake, akakaa ukingoni mwa korongo. Mkono wa baba ulikuwa haujapona, hivyo aliyebaki ni mimi. Nilirudi nyuma mbali sana, nikakanyaga, upepo ukinijaza vumbi machoni. "Sasa!" baba akapiga kelele. Nikavuta. Kwa muda mfupi sikusikia chochote, hata cheni. Kisha tairi zote mbili zikagonga ng'ambo, nikayumba, nikasimama.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Aliushusha mkono polepole.

"Rudia," akasema. "Sikuona vizuri."

Nilirudia mara nne.

Bega lilipopona, baba aliweka benchi kando ya barabara akawa fundi baiskeli, na kazi hiyo ndiyo iliyotulea hadi nikamaliza masomo. Mimi sikuacha kuendesha. Nilipokuwa mjamzito tu ndipo mama alipochukua tena ufunguo. Leo nafanya kazi chuoni, huko Chimwaga, na binti yangu ana BMX yake. Hufanya mambo ambayo sisi hatukuyawaza: huzungusha usukani hewani, huteremka ngazi kwa tairi moja. Mbele yake mimi ni mwanafunzi.

Mwaka jana, mama akiwa ameshatangulia mbele za haki, baba alikuja kukaa nasi. Nyonga zake hazifai tena. Jioni moja aliomba kupandishwa kwenye BMX ya mjukuu wake. Nilisita, lakini binti yangu alikuwa ameshamshikilia.

"Babu, taratibu."

"Nishike mgongo, usinishike usukani."

Akazunguka uwanja mara moja, mjukuu akitembea ubavuni, kiganja juu ya shati lake. Aliposhuka alikuwa anahema. Alikaa kwenye kiti, akaanza kumweleza binti yangu kwamba anachelewa kuvuta usukani, na walibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa.