Wa Kukushikia Mstari

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa muhogo na mlenda mpaka watoto wakiona chungu wanatoka nje. Mvua zilikatika mpunga haujachanua, Usevya nzima ikasahau harufu ya wali. Mwaka huo ndio mjukuu wangu alirudi kutoka kwenye mafunzo ya udaktari, anatembea kama mimi bibi yake.

Mimi niliishia darasa la pili. Lakini yule nimemlea kwa mikono hii, na sokoni napita nimenyoosha shingo: daktari katoka kwangu. Sasa daktari mwenyewe hawezi kuinama afunge kiatu. Mgongo, mabega, viganja, vyote vinauma, mwaka wa pili huo. Wenzake walimpima, damu nzuri, picha nzuri, maumivu palepale. Wakampa vidonge na likizo fupi.

Nilikaanga pumba za mpunga, nikazifunga kwenye kitambaa, nikamkanda. Nikamtania: “Mke mwenzangu, mgongo huu umeniibia.” Akacheka, kisha akalia.

Nikamweleza tunavyopandikiza mpunga. Mgongo ukimkamata mmoja, anasimama tu, na wa pembeni yake anapanda mistari miwili mpaka mwenzake anyooke. Hakuna anayeuliza. Je, huko hospitali nani anamshikia mstari?

“Bibi, huko ukinyooka unaitwa mvivu. Wanaoumwa ni wagonjwa. Sisi hatuumwi.”

Nikaendelea kukanda.

Mama yake, binti yangu anayekaa Ilembo, akaja kunibana. Mtoto aache udaktari, atakufa amesimama. Ananisikiliza mimi tu, basi nimwambie abaki. Na Mungu anajua nilitaka. Nyumba ilikuwa na mtu, jioni kulikuwa na wa kunichokoza. Lakini jana yake nilimwona amelala mkekani, mtoto wa jirani akakohoa ng’ambo ya uzio. Akajiinua kwa kiwiko, akasikiliza, akaniambia huyo apelekwe zahanati leoleo. Uso wake ulikuwa kama wangu nikikuta mbegu zimeota.

Nikamjibu binti yangu: “Neno hilo halitoki mdomoni mwangu.”

Akaondoka amenuna. Likizo ikaisha, mjukuu akapanda basi amekalia mto wangu.

Mwaka huu mpunga umejaa. Napika wali wa mchele mpya, sufuria kubwa, halafu nakumbuka niko peke yangu. Kitanda chake nakitandika tu. Juzi akapiga simu nikiwa naepua. Amesimama tangu asubuhi, mikono inawaka moto. Kuna mwenzake ameanza kumshikia kazi kidogo akakae, mmoja tu kati ya wote. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

“Bibi, niambie tu nirudi. Ukisema wewe, kesho napanda basi.”

Wali ulikuwa unafuka mbele yangu. Nilimtaka pale, tule sahani moja, anibishie, nimkande mpaka asinzie. Nikafunika sufuria.

“Neno hilo halitoki mdomoni mwangu.”